RAM Haina Kosa, Ondoa native

Swali ni lile lile kila wiki: "Mtaalamu, programu nimeikompaili kwenye laptop yangu, inafanya kazi vizuri. Nikiipeleka kwenye seva inakufa papo hapo na kuandika Illegal instruction. RAM imeharibika?"

Haijaharibika. Usisakinishe Linux upya, na acha kuweka sudo mbele ya amri. Prosesa haijali wewe ni nani.

Kinachowaponza wengi ni imani kwamba -march=native ni kasi ya bure. GCC ikikuta chaguo hilo huiuliza prosesa iliyopo, kupitia CPUID, ina uwezo gani, kisha huutumia wote. Haijui kuwa programu itahamishwa. Ukikompaili kwenye prosesa ya Intel Haswell ya 2013, inaweza kutia amri za AVX2. Ivy Bridge ya 2012 haizijui, na ikifikia ya kwanza tu, Linux inaiua programu. Usiniambie "zote ni Core i5", maana i5 zimo katika vizazi vyote viwili. Hata mwaka haukusaidii: Pentium na Celeron za Skylake, kizazi cha 2015, hazina hata AVX ya kawaida. Kwenye mashine pepe, msimamizi anaweza kuficha sehemu ya uwezo wa prosesa, ukapata majibu mawili kutoka kwenye chuma kimoja.

"Lakini majaribio yote yalipita!" Yalipita kwenye mashine iliyokompaili. Fundi amejipima suruali yako kiunoni mwake, kisha anakuambia itakutosha.

Na hiyo kasi yenyewe? Programu inayoshinda ikisubiri diski au mtandao haipati chochote kwa AVX2.

La kufanya: linganisha lscpu za mashine zote mbili. Kama programu haitoki hapo ilipo, native ni halali. Kama inahama, tumia -march=x86-64-v2, au v3 ikiwa mashine zote zina AVX2; v2 na v3 zahitaji GCC 11 au mpya zaidi. Mashine mchanganyiko? Baki na x86-64. Maktaba za OpenBLAS na GMP, zinapokompailiwa, hujichunguzia prosesa zenyewe bila kuombwa: ya kwanza ipe DYNAMIC_ARCH=1, ya pili --enable-fat. Kwa llama.cpp, zima GGML_NATIVE. Kisha make clean kabla ya kukompaili upya, la sivyo vipande vya zamani vitabaki humo.

Kama hujui programu itaendeshwa wapi, usiandike native.