Nani wa Kulipia Maji Moto Gusii?

Mkazi wa Kisii au Nyamira anayetafuta ufadhili wa hita isiyokula umeme mwingi atahangaika sana akiingia ofisini na kutaja hita. Fedha za wafadhili zinazofika Gusii zimetengwa kwa kilimo, kwa mabadiliko ya tabianchi na kwa vikundi. Maji moto hubidi yaingie humo humo, na yanaweza.

Haja yenyewe ni kubwa. Nyamira asubuhi ni baridi, na kiwele cha ng'ombe wa maziwa hakioshwi kwa maji baridi. Kabla ya kupambazuka kuna ndoo ya maji ya uvuguvugu, kitambaa kinachovywa na kukamuliwa, kiwele kinafutwa chuchu baada ya chuchu hadi ng'ombe aachilie maziwa. Ndoo ya pili ni ya watoto kuoga kabla ya shule. Katika nyumba nyingi moto huo ni wa kuni za mikaratusi, na anayevuta moshi wake ni mama.

Mjini Kisii, kwenye nyumba za kupanga, kazi hiyo hufanywa na shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo. Nyingi huvuta takriban kilowati 5 na nusu, kwa hiyo dakika 10 za kuoga humaliza karibu uniti nzima ya tokeni. Watu watano wakioga hivyo kila siku, mwezi hupita uniti 130, kabla hata ya kuhesabu taa na friji. Kwa bei zilizotangazwa Aprili 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi ililipa shilingi 12.22 kwa uniti, na iliyopita 100 ililipa 20.97, bila kuhesabu tozo na kodi. Shawa peke yake inatosha kuihamisha familia kutoka kundi la wanyonge hadi kundi la juu.

Hita ya sola ingemaliza tatizo hili, lakini bei ya mtambo pamoja na tangi na ufundi mara nyingi huzidi laki moja. Serikali iliwahi kutumia sheria badala ya ruzuku: kanuni za mwaka 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua. Mwenye hoteli aliambiwa afanye nini. Hakuambiwa fedha zitoke wapi.

Ruzuku iliyomkaribia zaidi mkulima ilikuja kwa njia ya kinyesi cha ng'ombe. Kuanzia 2009, mpango wa biogesi uliofadhiliwa na Uholanzi kupitia mashirika ya Hivos na SNV ulimpunguzia mkulima wa Kenya shilingi 25,000 kwa kila mtambo, na katika awamu ya kwanza ikajengwa zaidi ya mitambo 10,000 nchini. Kwa Gusii, ambako shamba ni dogo na ng'ombe hulishwa zizini, hesabu inakubali: kinyesi cha ng'ombe wawili hutoa gesi ya kupika chai na mboga, kisha ikapasha ndoo tatu nne za maji. Ndoo ya lita 20 kwa kuoga inahitaji joto la zaidi kidogo ya nusu uniti tu. Nafuu ya namna hiyo haikupaswa kukoma kabla ya kuenea.

Mradi mkubwa wa sola uliofuata, KOSAP wa Benki ya Dunia, ulichagua kaunti 14 zilizo mbali na gridi ya umeme, kuanzia Turkana hadi Kwale. Kisii na Nyamira hazimo. Nyaya zinapita juu ya migomba yao, hivyo zikahesabiwa kuwa zimehudumiwa.

Zilikokumbukwa ni kwenye kilimo. Kaunti zote mbili zilikuwa miongoni mwa 21 za mradi wa NARIGP, ulioidhinishwa 2016, ambao fedha zake zilipitia vikundi vya wakulima. Mkulima wa maziwa anayeomba msaada wa mtambo wa biogesi kwenye mradi wa aina hiyo anaomba chombo cha kazi: maji ya kusafishia kiwele, mbolea ya majani chai, na kuni chache za kukatwa.

Mlango mwingine ni FLLoCA, mpango wa fedha za tabianchi ulioanza 2021, ambapo kamati ya wadi hukaa na wananchi na kuchagua miradi. Kaunti nyingi zimepeleka sehemu kubwa ya fedha hizo kwenye maji. Zahanati yenye chumba cha kujifungulia inahitaji maji moto na inastahili kutajwa kwenye kikao hicho, pamoja na shule ya bweni inayopikia kwa magogo. Wakitaka ombi la hita ya sola lisikike, wanawake na wakulima waje na idadi ya mizigo ya kuni inayotumika kwa wiki, bei yake, na makadirio ya fundi yaliyoandikwa. Kikundi chao pia kiwe na cheti: sheria ya usajili wa vikundi ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10.