Maji Magumu na Hita ya Nyumbani: Yafahamu Maji Yako Kabla ya Kununua Kifaa

Watumiaji wengi waliofunga hita za maji majumbani huanza kulalamika baada ya mwaka mmoja au miwili: maji yanachelewa kupata moto, tangi linanguruma, bomba la mvua bafuni linatoa matone badala ya maji, na hatimaye koili inaungua. Lawama huelekezwa kwenye kifaa, kifaa kingine kikanunuliwa, nacho kikaharibika vivyo hivyo. Mara nyingi chanzo ni maji yenyewe. Katika sura hii tunaeleza namna maji yanavyoiharibu hita, namna ya kuyapima, na hatua ambazo mtumiaji anaweza kuchukua kulingana na maji aliyonayo.

Jina moja, matatizo mawili

Katika mazungumzo ya kila siku, maji yanayokataa kutoa povu na maji yenye ladha ya chumvi yote huitwa "maji ya chumvi". Kwa hita, hayo ni matatizo mawili tofauti, wala hayana tiba moja.

Maji magumu ni yale yenye madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu, ambayo maji huyayeyusha yanapopita katika miamba ya chokaa au ya matumbawe. Ndiyo sababu visima vingi vya Unguja na vya ukanda wa pwani hutoa maji ya aina hii, ilhali maji ya mvua ni laini, na yale ya Ziwa Victoria yanakaribia ulaini huo. Ugumu hupimwa kwa miligramu katika lita moja. Maji yasiyozidi miligramu 60 huhesabiwa kuwa laini. Yanayozidi 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Hasara yake ni ya vyombo na ya mfuko.

Maji ya chumvi halisi yana kloridi nyingi. Hupatikana, kwa mfano, katika kisima cha karibu na bahari kilichovutwa kupita kiasi hata maji ya bahari yakapenya. Chumvi hii haigandi kwenye koili. Huchochea kutu inayotoboa tangi.

Gamba linavyojengeka

Maji magumu yanapopashwa moto, sehemu ya kalsiamu iliyoyeyuka hugeuka kuwa chokaa na kuganda mahali penye joto kali zaidi. Hilo ndilo gamba jeupe linaloonekana ndani ya birika. Kasi ya kuganda huongezeka sana joto linapopita nyuzi 60 za Selsiasi.

Tuchukue mfano wa familia inayopasha lita 200 kwa siku, kwa maji yenye ugumu wa miligramu 300. Kila siku gramu 60 za madini hupita katika hita yao, sawa na takribani kilo 22 kwa mwaka. Si yote yanayoganda, lakini hata sehemu ndogo inatosha kuifunika koili.

Madhara hutofautiana kwa aina ya hita. Katika hita ya gesi, na katika hita ya jua ambayo maji ya matumizi hupita moja kwa moja kwenye mabomba ya paneli, joto hulazimika kupenya gamba ndipo liyafikie maji. Sehemu yake hupotea hewani, na ufanisi hushuka. Katika tangi la umeme lenye koili iliyozama majini, joto karibu lote huishia majini hata kama koili ina gamba. Kwa hiyo mtumiaji asiamini upesi tangazo linalodai kwamba kuondoa gamba kutapunguza bili ya umeme kwa nusu. Hasara kubwa hapa ni koili inayopata joto kupita kiasi na kuungua, na nafasi ya tangi inayojaa chokaa.

Lipo pia jambo la usalama. Gamba linaweza kuikwamisha vali ya usalama. Kidhibiti joto kikiharibika wakati vali imekwama, shinikizo huweza kupasua tangi. Vali inayodondosha maji isizibwe kamwe, iitiwe fundi.

Kupima maji

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Chukua chupa mbili safi zinazofanana. Jaza theluthi ya moja kwa maji ya bomba au ya kisima, na theluthi ya nyingine kwa maji ya mvua. Tia katika kila chupa vipande vichache vilivyo sawa vya sabuni ya mche, kisha utikise. Poda ya kufulia na sabuni ya maji hazifai kwa kipimo hiki, kwa kuwa nyingi hutoa povu hata katika maji magumu. Maji ya mvua yatatoa povu jingi. Yakiwa ya kwako yametoa povu haba na utando wa maziwamaziwa, ni magumu.

Kabla ya kulipia kifaa cha gharama kubwa, tunashauri sampuli ipelekwe maabara ya maji. Omba vipimo vya ugumu, kloridi, floridi na uchachu.

Hatua za kuchukua

Kwanza, weka kidhibiti joto kwenye nyuzi 60. Kuzidisha huharakisha gamba. Kupunguza sana huruhusu vimelea kama Legionella kukua ndani ya tangi. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo yachanganywe na ya baridi kabla ya kuoga, hasa kwa watoto na wazee.

Pili, hita isafishwe kila mwaka na fundi mwenye leseni, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na tangi likiwa limepoa. Fundi akague pia vali ya usalama na fimbo ya magnesiamu, ambayo huliwa na kutu badala ya tangi na hubadilishwa inapokwisha. Birika unaweza kulisafisha mwenyewe kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: acha saa moja, kisha suuza vizuri. Usitumie maji ya betri. Wala usichanganye siki au asidi yoyote na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Tatu, penye maji magumu sana, mashine ya kulainisha maji inaweza kufaa. Hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu na huhitaji kuongezewa chumvi mara kwa mara. Maji yenye ugumu wa 300 huongezewa takribani miligramu 138 za sodiamu kwa lita. Kwa hiyo liachwe bomba moja jikoni lisilopitia mashine, kwa ajili ya kunywa na kutengenezea maziwa ya mtoto mchanga.

Nne, anayenunua hita ya jua aulizie ile ambayo paneli yake ina mzunguko wake uliofungwa. Maji ya matumizi hayapiti kwenye paneli, hivyo mabomba yake hayajazwi gamba.

Maswali kwa muuzaji

Mashine ya kulainisha haiondoi chumvi ya bahari wala floridi. Mwenye maji ya chumvi halisi huhitaji mtambo wa kuchuja kwa utando na shinikizo, au chanzo kingine cha maji. Wakazi wa maeneo yenye floridi nyingi, kama sehemu za Arusha, wakumbuke kwamba kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi huzidi kukolea.

Vifaa vya sumaku vinavyofungwa juu ya bomba haviondoi kalsiamu majini, na matokeo ya majaribio yake yamekuwa ya kupingana. Muulize muuzaji: kifaa hiki kinaondoa nini, kwa kiasi gani, na ugumu wa maji yangu utakuwa kiasi gani baada ya kukifunga? Akuandikie majibu hayo pamoja na muda wa dhamana, na uyahifadhi pamoja na risiti na cheti cha maabara. Kifaa kikishindwa kutimiza kilichoahidiwa, karatasi hizo ndizo zitakazotetea madai yako.