New Japan Cup: Ukilazwa Mara Moja, Unarudi Keja

Mchana wa tarehe 20 Machi 2024 nilikuwa kwa kinyozi mtaani, kichwa nusu imenyolewa, simu nimeiegemeza kwa chupa ya spiriti. Kwa skrini kulikuwa na ukumbi wa Aore Nagaoka, huko Japani. Hirooki Goto, buda wa miaka 44, alikuwa kwa fainali ya New Japan Cup, anamenyana na Yota Tsuji, chali wa miaka 30. Kinyozi akazima mashine. Wasee wawili wenye walikuwa wanangoja kwa benchi wakasongea karibu. Hakuna mtu hapo ndani alikuwa anajua Goto ni nani, lakini ukimcheki mzae akiangushwa na bado anaamka, anaangushwa tena, anaamka tena, hata jina yake hauulizi. Unaanza tu kumwombea. Mwishowe Tsuji akamlaza, refa akagonga mkeka mara tatu, na msee mmoja wa benchi akaniuliza, "Sasa huyo mzae ameenda hivo tu?"

Ameenda hivo tu. Hiyo ndio Cup.

Wacha nikupe risto kutoka mwanzo. New Japan Pro-Wrestling ni kampuni ya mieleka yenye Antonio Inoki alianzisha 1972. Wakona mashindano mob, na yenye inajulikana zaidi ni G1 Climax ya summer, lakini hiyo ni ligi: ukichapwa leo, kesho unajipanga, pointi ziko. Cup, yenye ilianza 2005 na kawaida hupigwa mwezi wa tatu, ni mtoano. Hakuna pointi, hakuna kujipanga. Ukihesabiwa tatu, ama ukabwe mpaka ugonge mkeka kuonyesha umechoka, unabeba begi. 2019 walikuwa wanaume 32. 2022, kampuni ikigonga miaka 50, wakawekwa 48. Mwenye anabaki wa mwisho anapewa tiketi, yaani nafasi ya kudai mshipi mkubwa, na miaka hizi kawaida ni mwezi wa nne kwa shoo inaitwa Sakura Genesis, pale Ryogoku Kokugikan, ule ukumbi wa sumo wa Tokyo.

Kitu poa kwetu ni masaa. Japani iko mbele ya Kanairo na masaa sita, so shoo yao ya jioni inakupata mchana, ukiwa kwa kibanda na chapo madondo yako. Hauhitaji kukesha kama wale wasee wa mieleka ya Marekani wenye huamka ngware macho nyekundu.

Najua kuna morio atasema, "Maze, si hiyo ni kupangwa?" Ndio, matokeo hupangwa. Mimi sitakudanganya. Lakini mfupa haipangwi, na mwenye alinifunza hiyo ni Katsuyori Shibata.

Shibata hakuwa mtu wa luku. Chupi nyeusi, buti nyeusi, basi. Buda yake, Katsuhisa Shibata, alikuwa mwanamieleka na refa wa kampuni hiyo hiyo. Yeye mwenyewe aliitema 2005, akaenda kusaka ngumi za ukweli kwa mapigano ya mchanganyiko, akarudi 2012. 2017 akaingia Cup na njia yake ilikuwa miiba: Minoru Suzuki, Juice Robinson, Tomohiro Ishii, alafu fainali na Bad Luck Fale, jitu kubwa kama mat ya abiria 33. Wote akawapitia. Tarehe 9 Aprili akasimama Ryogoku mbele ya Kazuchika Okada, mwenye mshipi.

Hiyo mechi nimeicheki mara mob na bado mikono hunitoka jasho. Ilienda karibu dakika 40. Okada alikuwa na silaha yake, Rainmaker: anakushika mkono, anakuvuta, anakukata shingo na mkono ule mwingine. Wanaume huanguka kama mkokoteni umekatika kamba. Shibata alikula hiyo kitu na akabaki amesimama. Kusimama tu, amekaza miguu, anamcheki. Kuna mahali pengine kwa hiyo mechi alimpiga Okada kichwa, paji kwa paji, na hiyo sauti haikuwa ya shoo. Ilikuwa kama nazi mbili zimegongana. Damu ikamshuka polepole katikati ya macho, na akaendelea kupigana.

Akapoteza. Akatembea na miguu yake hadi nyuma ya pazia, alafu akaanguka. Damu ilikuwa imevuja chini ya fuvu, wakampasua haraka. Akapona, lakini hakupigana mechi tena hadi Oktoba 2021, wakati alirudi kwa ukumbi wa Budokan kwa dakika tano tu za kukabana na Zack Sabre Jr., bila kugongana. Mimi nilitoa machozi, na siwezi kukuficha. Kama kuna tiketi ya Cup yenye ililipwa bei ghali kushinda zote, ni hiyo ya 2017. Na kwa maoni yangu hakuna mechi ya mieleka inafaa kufika hapo. Ile kichwa ni ya kukumbukwa, si ya kuigwa.

Sasa rudi kwa Goto, juu yeye na Shibata ni mbogi moja. Walisoma shule moja ya sekondari kule mkoa wa Mie, wakapigana mieleka pamoja wakiwa vijana, na Januari 2015 wakashika mishipi ya timu pamoja. Shibata alikuwa mkali wa kukaa kimya. Goto wanamwita Aramusha, shujaa mkali wa kale, nywele amefunga nyuma, kifua kama mlango. Na kwa historia ya Cup hakuna mtu ameifanya kama yeye. Alishinda 2009. Akashinda 2010. Akashinda 2012. Mara tatu!

Alafu cheki venye iliishia. 2009 akapeleka tiketi kwa Hiroshi Tanahashi, akachapwa. 2010 akapeleka kwa Shinsuke Nakamura, akachapwa. 2012 kwa Okada, akachapwa. Wasee wakaanza kusema Cup ina laana, na walikuwa na sababu: kutoka 2007, Yuji Nagata alipoibeba na kumpokonya Tanahashi mshipi, hadi 2013 Okada alipomfanyia Tanahashi huyo huyo vile vile, hakuna mshindi wa Cup alitoka na mshipi mkubwa. Ilikuwa inakufikisha kwa mlango, inakuacha hapo umeshika kitasa.

Wengine walifungua. Tetsuya Naito, ule wa suti nyeupe na wa kufungua jicho na vidole, alifungua 2016. EVIL pia, 2020, na mwaka huo uko na risto yake. Korona ilikuwa imefunga kila kitu, Cup ya Machi ikafutwa, ikarudi mwezi wa sita kwa ukumbi tupu. Unasikia buti kwa mkeka, unasikia mtu akihema, na hakuna kelele ya binadamu. Fainali ya Julai, Osaka, watu wakaruhusiwa kuingia wachache, wakakatazwa kupiga mayowe, so walikuwa wanapiga makofi tu. Makofi ya mdundo mmoja, ukumbi mzima. Hadi leo hiyo sauti inanipata hapa kifuani. EVIL akamtoa Okada, usiku huo huo akamgeukia Naito, rafiki yake wa kundi moja, na kesho yake akambebea mishipi miwili.

Na usiniache nisahau 2018 ya Zack Sabre Jr., Muingereza mwembamba mwenye anakukunja kama hema. Alimtoa Naito, Kota Ibushi, Sanada na Tanahashi, mmoja baada ya mwingine, kwa ngeta na kukunja viungo pekee. Hakuhitaji kumlaza mtu hesabu ya tatu hata mara moja. Kama unaanza kucheki hii kitu, anza na hiyo.

Goto aliendelea kurudi. Fainali ya 2013, akapoteza. Ya 2015, akapoteza. Ya 2016, akapoteza kwa Naito, na hiyo ilikuwa mwezi mmoja baada ya kuanguka kwa mshipi tena: tarehe 11 Februari 2016, Osaka, alikuja amechorwa maandishi mwilini kama mtu ameenda kuapa, na Okada akamzima hivo hivo. Alafu hiyo ya 2024, yenye ilinikuta kwa kinyozi. Ukihesabu, mzae amefika fainali mara saba. Kuna watu wanaona hiyo ni aibu. Mimi naona ni kinyume. Kwa mtoano hakuna mahali pa kujificha, na kufika fainali mara saba ni kuamka asubuhi mara saba ukijua venye ile ingine iliuma.

Alafu ikafika tarehe 11 Februari 2025. Jiji ile ile, Osaka. Tarehe ile ile. Goto ako na miaka 45, hana tiketi ya Cup mkononi, na mbele yake ni Zack Sabre Jr., yule mkunjaji, akiwa bingwa. Nilikuwa kwa kiti cha nyuma cha mat, bando inakaribia kuisha, naomba tu isikatike. Goto akamnyanyua, akamshukisha shingo kwa goti, refa akashuka: moja, mbili, tatu. Mara ya kwanza alidai mshipi mkubwa wa kampuni ilikuwa 2007. Miaka 17 imepita hapo kati. Wajapani wazima, wenye huwa wamekaa kwa adabu, walikuwa wamesimama wanalia. Na mimi nikapitisha stage yangu.

Mwezi uliofuata Cup ikapigwa kama kawaida, bila Goto, juu bingwa hangoji tiketi, yeye ndio mlango. David Finlay akamtoa Shota Umino kwa fainali, pale pale Nagaoka. Tarehe 5 Aprili akaingia Ryogoku na tiketi yake, kijana, ako fiti, amepitia wanaume wote wenye waliwekwa mbele yake. Akatoka bila mshipi. Mwenye alimlaza ni Hirooki Goto.