Safari ya Kaskazini ya Mbali na Saa Iliyomo Mwilini

Usiku mmoja wa mwezi wa Juni, katika mji wa Tromsø ulioko kaskazini mwa Norwe, nilikaa dirishani nyumbani kwa mwana wa ndugu yangu nikingoja jua lichwe ili nisali Magharibi, nalo jua likawa linateremka polepole upande wa bahari kama mzee ashukaye ngazi asizozizoea, likafika juu kidogo ya milima, likasita, kisha likaanza kupanda tena.

"Ami, hujalala?" akauliza kijana, akitokea chumbani na macho yamemvimba kwa usingizi.

"Nangoja Magharibi, mwanangu."

"Haiji, Ami. Sasa ni saa saba ya usiku. Sisi hapa hufuata saa za Makka. Sali, ukalale."

Nilisali, lakini kulala sikulala, na siku tatu zilizofuata nilikuwa kama mtu aliyekula kitu kibaya: kichwa kizito, hasira za karibu, na njaa ya kula pilau alfajiri. Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa watu wetu wengi wa pwani, wanaponuia kuzuru nchi za kaskazini ya mbali, ama kwa kumtembelea mtoto aliyeko masomoni ama kwa shauku tu ya kuiona dunia kabla macho hayajafifia, suali lao la kwanza na la mwisho huwa ni baridi: koti gani, viatu gani, na shali ngapi. Baridi ni adui, sikatai. Walakini ni adui azuilikaye kwa fedha na nadhari kidogo, maana sufu huuzwa madukani, na nyumba za huko ndani zina joto la kumfanya mtu avue fulana. Kisichouzwa dukani ni mpango wa mwanga na giza, nacho ndicho kimpatacho mgeni pasi na yeye kukitambua, hata akadhani ameshikwa na homa au jicho la hasidi. Kwa hiyo mwenye kupanga safari hii, kabla hajauliza bei ya tiketi, na aanze kwa kuuliza habari za jua.

Chukua chungwa, ulichome kijiti kutoka kikonyoni hadi upande wa pili, kisha ulizungushe kuizunguka taa huku kijiti kimeinama, nacho kiendelee kuelekea upande ule ule mmoja muda wote wa mzunguko. Utaona kwamba chungwa likiwa upande huu wa taa, ncha ya juu ya kijiti huelekea mwanga, na hata ukilisokota chungwa mara ngapi, sehemu zilizo karibu na ncha hiyo haziingii kivulini. Na likifika upande wa pili, ncha ile ile huupa mwanga kisogo. Dunia yetu nayo imeinama hivyo, kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na sisi tukaao kiunoni mwa chungwa twaona taathira ndogo tu: hapa Unguja tofauti baina ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja. Tromsø iko karibu na nyuzi 70 kaskazini ya Ikweta, kiasi cha kilomita 350 kuvuka ule mstari uitwao Duara ya Aktiki, na hapo jua halichwi tangu karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai, wala halichomozi tangu karibu tarehe 27 Novemba hadi karibu tarehe 15 Januari. Na kuna ulinganifu mmoja unipendezao katika hesabu hii: usiku wa manane wa tarehe 21 Juni jua huwa nyuzi 3 juu ya upeo wa macho, na adhuhuri ya tarehe 21 Desemba huwa nyuzi 3 chini yake, mithili ya mdeni alipaye wakati wa masika kile alichokopa wakati wa kiangazi, bila kuzidisha wala kupunguza.

Nyuzi hizo 3 ndizo sababu ya giza la Tromsø kutokuwa giza la kaburini. Katikati ya Desemba, kwa saa chache za mchana, mbingu huwa na rangi ya samawati iliyokolea, theluji nayo ikaipokea rangi hiyo na kuirudisha, hata mtu akaweza kutembea bila taa na kuona sura ya ajaye mbele yake. Kisha, mnamo saa nane au saa tisa, pazia hushuka. Wenyeji huuita msimu huo mørketid, yaani wakati wa giza, na jua linapochungulia tena juu ya milima, mnamo tarehe 21 Januari, watoto wa shule hutoka nje kulilaki na watu wazima hula maandazi ya mviringo yaliyotiwa jemu. Atakaye giza kamili hana budi kwenda mbali zaidi, hadi Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard, nyuzi 78 kaskazini, ambako adhuhuri ya Desemba jua liko nyuzi zaidi ya 11 chini ya upeo na mchana haupambanuki na usiku. Tena huko kuna dubu weupe, nami kwa umri wangu huyo simtafuti.

Sasa tuje kwenye mwili. Baina ya Afrika ya Mashariki na Norwe kuna tofauti ya saa mbili tu wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, basi msafiri wetu hapati ule uchovu uwapatao waendao Marekani au Japani, na kwa ajili hiyo hushangaa kwa nini usingizi umemkimbia. Jawabu limo ndani ya ubongo, juu ya mahali ipishanapo mishipa ya macho mawili, ambapo kuna vifundo viwili vidogo vya seli vinavyoshika saa ya mwili mzima: wakati wa kusinzia, wa njaa, wa joto la mwili kupanda na kushuka. Jinsi saa hii inavyoendeshwa ndani ya kila seli ndiyo elimu iliyowapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobeli mwaka 2017. Lakini saa hii si kamilifu. Ikiachwa peke yake huzidisha kidogo juu ya saa 24, hivyo kila siku yahitaji kurekebishwa, na mrekebishaji wake ni nuru iingiayo machoni, ambayo hupokelewa na seli maalumu zilizo nyuma ya jicho zisizohusika hasa na kuona. Nuru ikipungua, tezi ndogo iliyomo ubongoni hutoa homoni ya melatonini iuambiayo mwili kuwa usiku umeingia, na nuru ikirudi, homoni hiyo huzuiwa.

Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta hatujapata kuihangaikia saa hii, kwa kuwa jua letu ni mtumishi asiyechelewa, hata tukathubutu kuifanya lugha yenyewe itegemee uaminifu wake: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na kumi na mbili ya jioni ni kuchwa. Mpeleke mtu huyu Tromsø mwezi wa Juni, na macho yake yatapokea mwangaza saa sita ya usiku, melatonini ichelewe, naye akose usingizi. Mpeleke Desemba, na melatonini itakawia kuondoka asubuhi, awe mzito, atamani wali na vitu vitamu, aone uvivu hata wa kuzungumza. Kwa wengine wakaao huko miezi mingi hali hii huzidi ikawa maradhi ya huzuni yarudiayo kila majira ya baridi, ambayo tabibu Norman Rosenthal na wenzake waliyaeleza huko Marekani mwaka 1984, na dawa yake mojawapo ni kukaa kila asubuhi kwa muda wa nusu saa mbele ya taa kali yenye kipimo cha luksi 10,000. Mgeni wa wiki mbili hafikii huko. Kwake yeye yatosha kutoka nje kila siku katika zile saa za samawati, maana hata mwanga hafifu wa nje aghalabu hushinda wa taa za ndani, na kula na kulala kwa saa zile zile hata kama mbingu yasema vingine. Akienda Juni, afunge pazia zito au kitambaa cheusi machoni, na saa mbili kabla ya kulala akae mahali penye kivuli. Mimi nilifungwa kanga ya mke wa mwenyeji wangu, ikanifaa kuliko vidonge. Habari ya vitamini D, ambayo ngozi yetu nyeusi huhitaji jua jingi kuitengeneza na ambayo jua la baridi la kaskazini haliwezi kuitoa kabisa, yawahusu zaidi wakaazi. Wenyeji hunywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki, na harufu yake naijua.

Kuhusu baridi yenyewe, kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Mkondo wa maji ya uvuguvugu utokao pande za joto za Atlantiki hupita pwani ya Norwe, ndiyo maana bandari ya Tromsø haigandi, na wastani wa joto la Januari ni nyuzi 3 au 4 tu chini ya sifuri. Bara ndiko kwenye ukali: Karasjok, mji wa Wasami, ulipimwa nyuzi 51.4 chini ya sifuri tarehe 1 Januari 1886, na haijapata kupimwa baridi kuishinda hiyo katika Norwe. Mwili unapopoa hubana mishipa ya damu ya vidole, masikio na pua ili uhifadhi joto la moyo na maini, yaani huwatoa kafara walio mbali ili wa katikati wasalimike; na matabibu wa jeshi la Uingereza wamebaini kwamba askari wenye asili ya Kiafrika hudhurika mikono na miguu kwa baridi mapema kuliko wenzao weupe, jambo ambalo si aibu bali ni la kulitilia maanani. Vazi linalogusa ngozi liwe la sufu, kwa sababu pamba hunywa jasho na kubaki mbichi, na maji huchukua joto la mwili kwa upesi wa mara 25 hivi kuliko hewa. Kidole kikifa ganzi na kupauka, usikisugue, wala usikipake theluji kama wasemavyo wazee wa zamani wa huko. Ingia ndani, ukitie katika maji ya vuguvugu, na kisiporudi katika hali yake piga simu 113. Na viatu vivishwe chini vile vyuma vyenye meno viitwavyo brodder, kwani katika safari hizi nimewaona wageni wengi waliovunjika vifundo vya mikono kwa kuteleza, na sijaona hata mmoja aliyeganda.

Wako ambao safari ya baridi haiwafai kabla ya kuonana na tabibu wao. Mwenye selimundu ni wa kwanza, maana mishipa inapobanwa na baridi, zile chembe za damu zilizopinda kama mundu huziba njia, na maumivu makali yakamwangukia katika nchi asikojua lugha. Mwenye pumu hushtuliwa na hewa baridi na kavu, basi afunike pua na mdomo kwa shali na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Mwenye kisukari ajue kwamba insulini ikiganda imeharibika hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana nzuri. Aiweke katika mfuko wa ndani, karibu na kifua, si katika mkoba wala kwenye sanduku liingialo tumboni mwa ndege. Bima ya matibabu haina hiari, kwani viza ya Schengen, ambayo Norwe huitoa ijapokuwa haimo katika Umoja wa Ulaya, hudai bima isiyopungua yuro 30,000.

Basi aende lini? Wengi hutaka kuona nuru ya kaskazini, ile michirizi ya kijani ichezayo mbinguni pale chembe zenye umeme zitokazo kwenye jua zinapoongozwa na usumaku wa dunia hadi karibu na ncha na kuipiga oksijeni iliyoko kilomita 100 na zaidi juu yetu. Mnorwe Kristian Birkeland aliitafuta sababu yake kutoka kituo kilichojengwa juu ya mlima Haldde mwaka 1899, akaiigiza kwa tufe la sumaku ndani ya chombo kisicho na hewa, na taifa lake likaweka sura yake kwenye noti ya kroni 200. Nuru hiyo yahitaji giza, kwa hiyo Juni haionekani abadani. Wauza safari nao humwambia mteja aende Desemba. Mimi naona Desemba ni mwezi wa vijana. Mwezi wa Machi theluji ingalipo, usiku ungalipo wa kutosha, na wakati wa usawa wa mchana na usiku usumaku wa dunia hutikisika zaidi, hivyo nuru huonekana mara nyingi. Juu ya hayo, mwili hupewa jua. Chukua tu miwani myeusi, maana theluji mpya hurudisha machoni miale mikali kwa kadiri ya asilimia 80.

Nilirudi Machi ya mwaka uliofuata. Jioni ya tarehe 20 tulikuwa tumetoka matembezini, viatu vyetu vingali na meno yake ya chuma mlangoni, jua likaifikia milima ya magharibi, na safari hii halikusita. Nikatazama saa ya ukutani: ilikuwa inakaribia kumi na mbili, kama kwetu. Kijana akacheka, akatandika msala.

"Imekuja, Ami," akasema.