Dhiki ya Kazi Hupimwa kwa Mizani Gani?

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii naijua tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, nimevaa kanzu yangu na ubao mkononi. Lakini maana yake niliipata mbali sana na bahari, mjini Kehancha, katika nchi ya Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania.

Mwenyeji wangu huko alikuwa mkulima wa tumbaku, nami nilimfikia wakati wa kukausha majani. Nilimkuta mbele ya banda lake, macho mekundu, akichochea kuni. Moto ule hauna subira: ukizidi, majani huungua, ukipungua, huharibika. Nikamwamkia, “Habari za kazi, mzee?” Akaitika, “Nzuri tu.” Mkewe, aliyekuwa akifunga majani kando, akacheka na kuniambia, “Muulize alilala lini.”

Ndugu msomaji, kicheko kile kilinifunza mengi. Sisi watu wa pwani pia tu hodari wa kuficha. Mtu huulizwa hujambo, naye hana budi kuitika sijambo, hata kama moyo unamwaka moto. Akisema Alhamdulillahi, hiyo ni shukrani na adabu njema, wala si taarifa ya kazi yake. Mimi mwenyewe, katika chumba cha habari cha gazeti moja, niliitika hivyo karibu mwaka mzima huku usingizi umenikimbia, na mkubwa wangu akaridhika kwamba mambo yangu ni mazuri.

Basi dhiki ya kazi itapimwaje, ikiwa kila mtu ni mzima? Wataalamu waligundua kwamba ni heri kuiuliza kazi kuliko kumuuliza mtu kama ana dhiki. Mwaka 1979 Mmarekani Robert Karasek alionyesha kuwa wingi wa kazi si yote. Kinachomchosha mtu zaidi ni kazi nyingi asiyo na kauli juu yake. Mwaka 1996 Johannes Siegrist akaleta mizani: upande mmoja jasho la mtu, upande wa pili malipo, heshima na uhakika wa kazi. Mizani hiyo ikilala upande wa jasho kwa muda mrefu, mwili huugua. Nao Wadenmark walitunga hojaji ijulikanayo kwa jina la Copenhagen, inayouliza mambo kama haya: je, wapata muda wa kuimaliza kazi yako? Wapewa habari mapema? Mkubwa wako hukusaidia?

Nikaufuata mfano huo. Nani hupanga gredi ya jani? Mnunuzi. Nani hutaja bei? Mnunuzi. Mbegu na mbolea je? Mkopo, hukatwa siku ya mauzo. Na kuvuna asubuhi majani yakiwa na umande? Nikotini hupenya kwenye ngozi, mtu akashikwa na kichefuchefu na kizunguzungu. Nilipouliza usingizi, mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Hilo, bwana, sijapata kuulizwa.”

La haula! Robota la tumbaku yake hupimwa kwa kilo, majani yakakaguliwa kwa makini, lakini mwenye kuyalima hapimwi. Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwenye mahali pa kazi alinde afya ya wanaofanya kazi hapo. Lakini mzee huyu yuko shambani mwake, hana mwajiri. Nani atamletea hojaji?

Si jambo la mzaha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kulihusika na vifo vya watu 745,000 katika mwaka 2016, kwa kiharusi na maradhi ya moyo. Na mwaka 2022 serikali, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ilianza mpango wa kuwasaidia wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kupanda maharagwe. Huo ni mwanzo mwema, kwa kuwa unaibadilisha kazi yenyewe, haumhubirii mtu avumilie.

Nasi huku pwani tunao kuli bandarini, mvuvi, mwalimu wa madarasa yaliyofurika, na binti anayehudumu hotelini hadi usiku wa manane. Chuoni tulifundishwa kwamba ujira wa mtu usicheleweshwe. Naona na swali pia lisicheleweshwe. Jioni ya leo, ajapo nyumbani mtu wako kutoka kazini, usimuulize habari za kazi, maana jibu lake walijua. Muulize alilala lini, na ni nani aliyempangia saa zake. Kisha nyamaza, umsikilize.