Kifundo cha mguu kinauma, eksirei haionyeshi kitu: MRI hufichua nini?

Mkazi wa Kinyinya, wilayani Gasabo, anayepanda na kushuka vilima kila siku, anaweza kuumwa kifundo cha mguu kwa wiki kadhaa bila kuanguka wala kuteguka. Akipigwa picha ya eksirei, huenda mfupa ukaonekana mzima. Jibu hilo halimaanishi kwamba hana tatizo.

Eksirei huonyesha vyema sehemu ngumu ya mfupa, lakini haionyeshi maji yaliyokusanyika ndani ya uboho. Kipimo cha MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kunasa ishara za haidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili. Uboho wa kifundo cha mtu mzima ni mafuta kwa sehemu kubwa. Ishara ya mafuta ikizimwa, uboho wenye afya huonekana mweusi, na sehemu iliyojaa maji hung'aa.

Hata hivyo, mng'ao huo ni dalili, si jina la ugonjwa. Waweza kutokana na ufa mwembamba, baridi yabisi, maambukizi, mfupa kukosa damu ya kutosha au, kwa nadra, saratani. Kwa hiyo daktari huisoma picha pamoja na maelezo ya mgonjwa na, inapobidi, vipimo vya damu. Maambukizi huhitaji tiba ya haraka. Ufa huhitaji mguu kupumzishwa. Sababu hizo zote zisipopatikana, huenda ni uvimbe wa uboho wa muda, ambao aghalabu hutulia wenyewe ndani ya mwaka 1, mguu ukipunguziwa uzito.

Kwa mwenye mituweli, safari huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo rufaa. Hospitali ya King Faisal, iliyopo Kacyiru, ni miongoni mwa zenye mashine ya MRI jijini Kigali. Ni vyema kuuliza mapema gharama na kiasi kinacholipwa na bima.

MRI haitumii mionzi ya eksirei, lakini mgonjwa sharti aeleze iwapo ana chuma mwilini au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Aidha, maumivu yakiambatana na homa, wekundu au kushindwa kukanyaga, asisubiri: amwone daktari mara moja.