Drakma ya Waparthi na Soko Lisilodai Sarafu

Je, wajua kwamba wafalme wa Waparthi hutazama kushoto? Katika sarafu nyingi za Kigiriki zilizowatangulia, uso wa mfalme umeelekea kulia, Waparthi wakaugeuza. Drakma yao ni kipande cha fedha chenye upana wa milimita 20 hivi na uzito wa karibu gramu 4. Upande mmoja yupo mfalme mwenye ndevu, wa pili ameketi mpiga mishale, upinde mkononi. Msomaji wa Biblia amekwisha kukutana na watu hawa kati ya mataifa yaliyotajwa siku ya Pentekoste. Dola yao ilianza katikati ya karne ya 3 KK, ikatawala Uajemi na Iraki ya leo, na ikaangushwa na Wasasani mwaka 224 BK.

Kujua drakma fulani ni ya mfalme yupi ni kibarua. Karibu kila mfalme alijiita Arsaces, jina la mwanzilishi wa ukoo, na drakma nyingi hazina mwaka. Zenye mwaka, na wakati mwingine hata mwezi, ni zile sarafu kubwa za drakma nne zilizopigwa Seleucia, kando ya mto Tigris. Kwa drakma za kawaida mtaalamu husoma sura: urefu wa ndevu, umbo la taji, hata chunjua kwenye paji la uso. Akiigeuza, huangalia kiti cha mpiga mishale na alama ndogo ya karakana, kwa mfano ile ya Ekbatana, mji unaoitwa Hamadan leo. Maandishi ya Kigiriki nayo yana habari yake. Mwanzoni yanasomeka vizuri, lakini kadiri karne zilivyopita mafundi walinakili herufi wasizozijua, mpaka zikabaki mistari tu. Mwaka 1971 Mwingereza David Sellwood alichapisha kitabu kilichozipanga sarafu hizi kwa namba, na wauzaji wangali wakizitaja namba zake.

Umri peke yake haupandishi bei. Drakma za Mithradates II, aliyetawala takriban 121 hadi 91 KK, zilipigwa kwa wingi, kwa hiyo si adimu kama za wafalme waliodumu muda mfupi. Mnunuzi hutazama kama nyundo ilipiga katikati au kichwa kimekatika ukingoni, na kama sura imechakaa. Hutazama pia kama ni ya kughushi: sarafu halisi iligongwa kati ya mihuri miwili, ilhali ya bandia mara nyingi humiminwa kwenye kalibu, ikaachwa na vitundu vya hewa na mshono pembeni. Anayeisugua kwa ndimu na majivu ili ing'ae anaondoa thamani kwa mkono wake mwenyewe.

Swali zito zaidi ni ilikotoka, na kama drakma ingeweza kufika hata pwani ya Afrika Mashariki.

Hapo ndipo delta ya Rufiji, Tanzania, inapoingia. Periplus, mwongozo wa safari za bahari ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania, na wapo watafiti wanaoitafuta Rhapta katika delta hii au jirani yake. Mwandishi wake aliwafahamu Waparthi. Anasema wakuu wao walikuwa wakifukuzana madarakani katika nchi ya mto Indus. Anaeleza pia kwamba sarafu za dhahabu na fedha zilipelekwa Barygaza, India, kwa sababu kuzibadilisha huko kulileta faida. Lakini bidhaa za kuleta Azania ni nyingine kabisa: mikuki iliyotengenezwa Muza, Yemen, mashoka, visu, vyuma vya kutobolea na vitu vya kioo. Meli ziliondoka na pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Sarafu haimo katika orodha hiyo.

Ardhi ya Kibiti, eneo la delta ya Rufiji, inakubaliana na orodha hiyo. Mwaka 1999 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha taarifa ya shanga za kioo zilizochimbuliwa Mkukutu, akizihusisha na biashara ya enzi za Roma. Kwa mwanahistoria, shanga zile zina thamani kuzidi mfuko mzima wa drakma usiojulikana ulikotoka, kwa kuwa zilitoka kwenye tabaka la udongo linalojulikana.

Kutojua kitu kilikotoka huleta utata. Sarafu za kale zilizosemekana kuokotwa Bur Gao, Somalia, mwaka 1912 zilichanganya za Ptolemayo, za Roma na za Wamamluki wa karne nyingi baadaye, na wataalamu wamezitilia shaka. Tofauti kabisa ni fungu la Mtambwe Mkuu, Pemba, lililopatikana mwaka 1984: sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani hii, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Dinari zina miaka. Zikasaidia kukadiria umri wa zile za fedha zisizo nayo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Kwa hiyo mkulima wa Kibiti akikuta kipande cha fedha katika shimo la mkorosho, hatua ya kwanza ni kukiacha bila kukiosha, kuweka alama mahali penyewe, kutunza vigae vilivyo karibu na kutoa taarifa serikalini. Drakma iliyochakaa ikitoka tabaka moja na shanga kama zile za Mkukutu, itawalazimu watafiti kueleza kilichoifikisha kwenye soko ambalo Periplus haukulipangia sarafu.